Kikao cha Peke Yako au cha Wawili? Ulinganisho kwa Anayetafuta Mshauri Nasaha Kisumu na Nakuru

Tangu jamaa na marafiki wajue kwamba mimi na mume wangu tulipitia mikononi mwa washauri nasaha, swali ninaloulizwa zaidi ni kama mtu aende peke yake au waende wawili. Huniuliza wenzangu wa chama, huniuliza wifi yangu kwa sauti ya chini tukiosha vyombo, na wengi wao huuliza wakiwa wameshaamini kwamba kikao cha wawili ni kile kile cha mmoja, ila kimeongezewa kiti. Mimi nimekaa katika vyote viwili, kwanza Kisumu ninakoishi na watoto, kisha Nakuru anakofanya kazi mume wangu, na ninaloweza kusema bila kusita ni kwamba hizo ni huduma mbili tofauti, zenye mteja tofauti, kanuni tofauti za siri na gharama tofauti, na anayezichanganya anaweza kutoka na jeraha ambalo hakuingia nalo. Ninaandika kama mteja aliyelipa, kisha akasoma ili aelewe alichokilipia; shahada ya saikolojia sina.

Mteja ni nani

Katika kikao cha peke yako mteja ni wewe. Mshauri yuko upande wako, si kwa maana kwamba atakuambia una haki, bali kwa maana kwamba saa ile imetengwa kwa ajili ya nafuu yako: usingizi wako, hofu yako, huzuni yako na maamuzi yako. Mume, mke, mama mkwe na mkubwa wa kazini huingia chumbani humo kwa njia ya maneno yako tu, na mshauri hana namna ya kuwaona isipokuwa kama unavyowachora. Katika kikao cha wawili mteja si wewe wala si mwenzako. Mteja ni uhusiano ulio kati yenu, na mshauri aliyefunzwa vyema huushughulikia uhusiano huo hata pale anapomuudhi mmoja wenu, au nyote. Ndiyo maana mtu aliyezoea kusikilizwa peke yake kwa miezi mingi hushtuka akiingia katika kikao cha wawili. Ghafla anakatizwa, anaombwa arudie alichosema mwenzake kabla ya kujibu, na malalamiko yake aliyoyapanga kama mashahidi wa kesi hayapewi hukumu yoyote.

Niseme mapema kwamba mambo mengine yote yaliyomo katika ulinganisho huu yanatokana na jambo hilo moja.

Kinachofanyika chumbani

Washauri wengi wa hapa kwetu hujieleza kuwa wanachanganya mbinu, na hilo si baya, lakini ni vyema mteja ajue mbinu hizo zilikotoka ili asidhani kwamba mshauri anapoteza muda wake. Katika kazi ya mtu mmoja kuna mizizi miwili inayojitokeza sana. Wa kwanza ni wa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1957 kwamba mteja hubadilika akikutana na mtu anayemwelewa kwa dhati, anayemkubali bila masharti na ambaye hajifichi nyuma ya cheo chake. Kikao cha namna hii kinaweza kumkera aliyekuja kutafuta maagizo, kwa kuwa mshauri husikiliza zaidi ya anavyosema, na hatakuambia uachane na mtu au ukae naye. Wa pili ni wa Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyeanza katika miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kuyanasa mawazo yao na kuyapima kwa ushahidi. Huu una kazi ya kufanyia nyumbani.

Mshauri wangu wa Kisumu alinipa daftari katika wiki ya pili na kuniagiza nichore safu nne: tukio, wazo, hisia na ushahidi. Wazo langu la kudumu lilikuwa kwamba mume wangu asipopokea simu usiku, basi yuko kwa mpango wa kando. Baada ya wiki tatu daftari lilionyesha kwamba kila mara aliponyamaza alikuwa zamu, isipokuwa mara moja. Nafuu niliyoipata ilikuwa kubwa, nikaanza kulala tena, na sitaidharau mbinu ile. Lakini ile mara moja daftari halikuweza kuijibu, kwa sababu jibu lake halikuwa kichwani mwangu. Alikuwa nalo mtu mwingine, mwendo wa takriban saa nne kwa matatu, na hapo ndipo nilipouona mpaka wa kikao cha mtu mmoja.

Iko pia njia ya katikati ambayo mkaazi wa Kisumu ana sababu ya kuijua. Gerald Klerman na Myrna Weissman wa Marekani walibuni tiba ya sonona ambayo humwona mgonjwa peke yake, ila huisaka chemchemi ya huzuni yake katika mambo manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya nafasi maishani kama vile kuolewa au kupoteza kazi, na upweke. Tiba hiyo imefanyiwa utafiti papa hapa Kisumu, katika huduma za afya za umma, ikitolewa na wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili na kulinganishwa na dawa ya sonona. Kwa mtu ambaye mwenzake amekataa katakata kuja, nadhani hii ndiyo inayomfaa kuliko zote, kwa kuwa ndoa inakuwa mada ya kikao ingawa mwenye kiti cha pili hayupo.

Katika kikao cha wawili mambo huenda vingine kabisa. Jina utakalolisikia mara kwa mara ni la John Gottman, ambaye katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle aliwaketisha wanandoa katika maabara, akawarekodi wakibishana huku mapigo ya moyo yakipimwa. Alitaja mienendo minne inayoibomoa ndoa: kumshambulia mtu badala ya kulalamikia jambo, dharau, kujitetea na kununa. Dharau aliiweka mbele ya zote kama dalili ya kuachana. Sihitaji maabara kuniambia hivyo. Ile midomo inayobetuliwa na yale macho yanayozungushwa mbele ya wageni tunayafahamu sote. Lililonigusa zaidi ni takwimu yake nyingine, kwamba takriban asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayana suluhisho la kudumu, kwa sababu yanatokana na tofauti za tabia na malezi, na kwamba kinachowatofautisha wanaodumu ni namna wanavyoyazungumza mambo hayo hayo mwaka baada ya mwaka. Letu linahusu ujenzi. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya na anaona kwamba mwanamume ambaye hajajenga dala yake, yaani boma lake, nyumbani hajawa mtu mzima kamili. Mimi ni Mmaragoli niliyelelewa mjini, na ninaona kwamba fedha za kwanza ziende kwenye ploti ya Riat ambako watoto watalala kila usiku. Tulikuwa tukilipigania suala hilo kana kwamba mmoja angeshinda.

Mbinu nyingine ni ile iliyoanzishwa nchini Kanada katika miaka ya 1980 na Sue Johnson pamoja na Leslie Greenberg, inayojengwa juu ya nadharia ya John Bowlby kuhusu jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake. Kwa mujibu wa Johnson, chini ya ugomvi mwingi wa wanandoa kuna swali moja la kitoto: je, nikikuita utaitika? Mmoja huuliza swali hilo kwa kumfuata mwenzake na kumlaumu, mwingine hulikimbia kwa kunyamaza, na kadiri wa kwanza anavyofuata ndivyo wa pili anavyozidi kurudi nyuma. Nilipiga simu kumi, akazima simu. Alipoiwasha, nikapiga ishirini. Mshauri wetu wa Nakuru aliuchora mzunguko huo kwenye karatasi, akaiweka mezani katikati yetu na kutuambia kwamba adui yetu ni karatasi ile. Kazi ya aina hii kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20, na sehemu yake ngumu haiwezi kufanywa na mtu aliye peke yake: ni kumgeukia mwenzako, si mshauri, na kumwambia kwamba unaogopa. Mume wangu alihitaji vikao vitano kabla ya kulitamka neno hilo, na nisingeliamini kama ningelisimuliwa.

Siri

Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema wahenga, na katika tiba ya mazungumzo suala la nani awe kata ndilo linalotenganisha huduma hizi mbili kuliko jingine lolote. Kwa kikao cha peke yako kanuni ni rahisi. Ulichokisema kinabaki humo, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu au usalama wa mtoto umo hatarini, au mahakama imeamuru. Kwa kikao cha wawili hakuna kanuni moja inayofuatwa na washauri wote. Wengine husema tangu mwanzo kwamba hawatunzi siri ya mmoja dhidi ya mwingine, na kwamba chochote utakachowaambia kwa simu au kwenye korido kinaweza kurudishwa mezani. Wengine hukubali kutunza, lakini humpa mwenye siri muda wa kuitoa mwenyewe, na asipoitoa huacha kazi bila kueleza sababu. Wengine hawajalifikiria suala hilo kamwe, na hao ndio wa kuogopwa.

Mshauri wetu wa kwanza alikuwa wa aina hiyo ya mwisho. Alikuwa ameniona peke yangu kwa miezi minne, akaona ni vyema mume wangu naye aje, na mume wangu akaingia chumbani akakuta watu wawili wanaojuana, wanaochekeana na wenye maneno yao. Ili kusawazisha mizani, mshauri akamwona yeye peke yake mara mbili, na katika mojawapo ya vikao hivyo mume wangu akamweleza kuhusu mkopo mkubwa wa sacco aliouchukua bila kuniambia. Mshauri aliibeba siri hiyo kwa wiki tano. Kila nilipotaja karo ya shule aliangalia dirishani. Siku mkopo ulipojulikana, nilimkasirikia mshauri kuliko nilivyomkasirikia mume wangu, na wala sikurudi kumwambia hivyo, ingawa sasa naona ningepaswa kurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni mkali kuliko kwingine kote: mshauri aliyekuwa wako peke yako asigeuke kuwa wa ndoa yenu. Atafute mshauri mwingine wa kuwaona nyote wawili, naye abaki wako. Pia kuna jambo linalofanana na lile kosa lakini silo, na ni haki kulitofautisha. Wanaofuata mbinu ya Gottman huanza na kikao cha pamoja, kisha humwona kila mmoja peke yake mara moja, kisha huwarudisha pamoja kuwaeleza walichokiona. Hiyo ni sehemu ya uchunguzi, hufanywa kwa usawa, na kanuni ya siri hutangazwa kabla.

Katika kaunti hizi za ziwani, ambako virusi vya UKIMWI vimezigusa nyumba nyingi, swali la siri lina uzito wa pekee. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI hulinda usiri wa majibu ya vipimo, na hivyo mshauri si mtu wa kukutangazia hali ya mwenzako. Mwenye jambo hilo moyoni aanze peke yake, apange na mshauri siku na namna ya kusema, kisha waende wawili.

Lugha ya kikao

Jambo hili sijaliona likitajwa popote, nami ninaliweka karibu na juu. Peke yako unaweza kumtafuta mshauri anayejua lugha uliyolilia ukiwa mtoto. Yapo mambo kuhusu mama yangu ambayo niliweza kuyasema kwa Kimaragoli tu, na kwa Kiswahili yangetoka yamenyooshwa kwa pasi. Wawili wanahitaji lugha ya pamoja, na katika miji ya mchanganyiko kama Kisumu na Nakuru lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, ambacho hakuna kati ya wawili hao aliyetulizwa nacho akiwa mgongoni mwa mama yake. Ubaya zaidi ni pale mshauri anapokuwa wa kabila la mmoja wenu. Yule wetu wa kwanza alikuwa akiteleza na kuingia Kijaluo kila mume wangu alipokasirika, kwa nia njema ya kumtuliza, nami nikabaki nikisoma nyuso kama mgeni harusini. Ulizeni kabla, na mkubaliane kwamba lisilotafsiriwa halisemwi.

Pale ambapo kikao cha wawili hakifai

Nyumba yenye kipigo, vitisho, au mtu mmoja anayemtawala mwingine kwa hofu haipelekwi katika kikao cha wawili. Kikao hicho humtaka kila mmoja aseme ukweli wake mbele ya mwenzake, na anayeusema ukweli huo alasiri anaweza kuulipia usiku. Mshauri mwenye uangalifu humuuliza kila mmoja kwa faragha kuhusu usalama kabla ya kuanza, na akigundua hatari huahirisha kazi ya wawili. Aliye katika hali hiyo aende peke yake. Nambari 1195 hupigwa bila malipo nchini kote kwa ajili ya dhuluma za kijinsia, na Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 humruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na kwa mujibu wake dhuluma si ngumi tu, bali pia ya kiuchumi na ya kihisia. Nimewasikia watu wazuri, wengine wakiwa viongozi wa kanisa, wakimsihi mwanamke wa namna hiyo aende ushauri pamoja na mumewe ili wapatane. Wanakosea, hata kama wanakosea kwa upendo.

Mwenye kuwazia kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyezama katika pombe kiasi cha kutetemeka asubuhi anahitaji daktari kwanza, iwe ni katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, hospitali ya rufaa ya Nakuru, au Moi kule Eldoret. Ndoa yake itangoja.

Kuna hali ya tatu iliyo ya kawaida kuliko tunavyokiri: mmoja anataka ndoa, mwingine mguu mmoja uko nje. Kikao cha wawili cha kawaida hukwama hapo, kwa sababu kinadai bidii kutoka kwa mtu ambaye hajaamua kama anataka kubaki. Bill Doherty wa Chuo Kikuu cha Minnesota alibuni kwa ajili ya watu hao ushauri mfupi usiozidi vikao vitano, ambao haukusudii kuitibu ndoa, bali kuwasaidia wachague kati ya kubaki kama walivyo, kuachana, au kujitolea kwa miezi sita ya tiba ya kweli. Hata kama mshauri wenu hajafunzwa njia hiyo kwa jina, mnaweza kumwomba awasaidie kuamua kabla ya kuanza kutengeneza.

Fedha, muda na barabara

Mimi nilitozwa shilingi 2,500 kwa kikao cha peke yangu cha dakika hamsini, na tulitozwa shilingi 4,000 kwa kikao cha wawili cha dakika tisini. Kwa hiyo vikao kumi vya pamoja vilitugharimu 40,000, ilhali kila mmoja angeenda kwa mshauri wake mara kumi tungelipa 50,000 na pengine tusingeongea. Hata hivyo, hesabu hiyo haikuhesabu barabara. Kabla ya kuhamia kwa mshauri wa Nakuru, mume wangu alikuwa akipanda matatu kupitia Salgaa, Mau Summit, Kericho na Ahero ili awahi kikao cha Jumamosi, na nauli ya kwenda na kurudi ilikaribia nusu ya ada. Kikao kwa njia ya video kiliniridhisha nilipokuwa peke yangu, nikiwa ndani ya gari lililoegeshwa. Kwa wawili walio katika miji miwili hakikuturidhisha, kwa sababu mshauri aliona nyuso mbili tu na hakuona magoti yaliyogeuziwa ukuta.

Kuhusu bima, fahamu kwamba bima hulipia ugonjwa. Sonona ni ugonjwa, lakini mgogoro wa ndoa uliwekwa na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-10 (iliyofuatwa na ICD-11 mwaka 2022), chini ya alama Z63.0, kwenye sehemu ya mambo yanayoathiri afya bila yenyewe kuwa magonjwa. Ulizia kabla. Na mshauri akijitolea kuandika kwamba mmoja wenu ana sonona ili tu bima ilipe, kataeni, maana rekodi hiyo itabaki na jina la mtu, na ndoa ikifika mahakamani huenda ikasomwa.

Wazee na kanisa

Kikao cha wazee na kikao cha mchungaji vina nafasi yao, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yenyewe inatambua upatanisho wa kanisani kwa ndoa za Kikristo na utatuzi wa kimila kwa ndoa za kimila. Ila lengo lao linajulikana kabla hamjaketi: mrudi nyumbani pamoja. Wazee hukata shauri, na kila mtu kijijini hulijua kabla ya jua kutua. Kwa deni la mahari au ugomvi wa shamba ningewaendea wao na si mtu mwenye shahada. Kwa hofu ya mume wangu, la. Na aliye katika ndoa ya wake wengi, ambayo sheria hiyo hiyo inaitambua katika ndoa za kimila, atagundua kwamba mbinu nyingi za kikao cha wawili zilitungwa na watu ambao hawakuwazia kiti cha tatu. Huyo amtafute mshauri aliyefunzwa kazi ya familia. Watoto wanapokuwa wamevutwa ndani ya ugomvi, njia hiyo ya familia pia ina mizizi karibu nasi, kwani mpango wa Tuko Pamoja ulijaribiwa eneo la Eldoret kwa kuwatumia washauri wa kawaida wa jamii badala ya mabingwa.

Kuchagua mtu

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi, kwa hiyo kumwomba mshauri cheti chake cha usajili si utovu wa adabu. Lakini usajili peke yake hauonyeshi kama amefunzwa kuwaona wawili. Mafunzo mengi ya ushauri nasaha hulenga mtu mmoja, na aliyefunzwa hivyo akiwaweka wawili mbele yake huishia kumhoji mmoja huku mwingine akisubiri zamu, kama foleni ya benki. Muulize amejifunza wapi kazi ya wanandoa, anafanya nini na siri, na atafanya nini mkianza kufokeana. Yule wa Nakuru alijibu swali la mwisho kwa kusema kwamba atatusimamisha ndani ya dakika moja, na kweli ilikuwa hivyo, aliinua kiganja, akasema, "Mzee, pole. Mama, pole. Tupumue," na hakuendelea hadi tulipopumua.

Mtu akinieleza hali yake kwa ufupi, basi, huwa namwelekeza hivi. Kama tatizo lilikuwapo kabla ya ndoa na lingekuwapo hata bila ndoa, kama vile kiwewe cha utotoni, msiba usioisha au hofu isiyo na chanzo, aanze peke yake. Kama tatizo huzuka mwenzake anapoingia mlangoni na hutoweka anaposafiri, na hakuna anayemwogopa mwenzake, waende wawili mapema, kabla hajazoea kumsimulia mshauri wake mwenyewe habari za upande mmoja kwa mwaka mzima, kwa sababu mshauri wa upande mmoja, hata awe mwema vipi, polepole huanza kumchukia mtu ambaye hajawahi kumwona. Kama mwenzake hataki, aende peke yake, lakini mwaliko wake usiwe "twende ukarekebishwe." Mume wangu alikataa mwaliko wa aina hiyo mara tatu. Alikubali nilipomwambia kwamba mimi ndiye nisiyejua la kufanya tena.

Kwa sasa mimi nina mshauri wangu mwingine Kisumu, yeye hana wake na hataki, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana Nakuru kwa yule wa pamoja. Kikao kijacho tayari kina ajenda, na kwa mara ya nne ajenda hiyo ni nyumba ya Siaya.